Weka Mausi Pembeni: Kujaza Vidirisha vya Programu kwa Kibodi Peke Yake

Swali ni lile lile, linakuja kwa sura tatu. Karani wa chama cha msingi upande wa Newala anauliza kwa nini programu ya kupokea korosho inamlazimisha kushika mausi kila anapomaliza kuandika kilo. Mwalimu asiyeona wa Masasi anauliza kwa nini kisoma skrini chake kinamwambia yumo ndani ya kisanduku cha kuandikia, lakini hakimwambii kisanduku hicho ni cha nini. Na kijana aliyeunda programu ya duka, ya shule au ya zahanati anauliza aanzie wapi ili watu hawa wawili waache kumpigia simu.

Nawajibu wote watatu hapa kwa sababu tatizo lao ni moja. Kidirisha cha programu, yaani lile dirisha dogo linalofunguka likikutaka ujaze jina, kilo, kijiji au namba ya akaunti, kinatakiwa kijazwe chote, tangu kufunguliwa hadi kuhifadhiwa, mausi ikiwa mezani bila kuguswa. Kisipojazika hivyo, kazi ya aliyekitengeneza haijaisha, hata kama rangi zake zinapendeza na ripoti zake zinatoka sawasawa.

Ninazungumzia programu zilizosakinishwa kwenye kompyuta yenyewe. Tovuti na simu zina mambo yake, sitayagusa.

"Hapa kwetu hakuna asiyeona"

Hili ndilo jibu ambalo watengenezaji hulitoa kwanza, kwa hiyo naanza nalo. Hesabu upya watu wanaotegemea kibodi:

- Wasioona. Masasi ina shule ya watoto wasioona, na wanaomaliza masomo wanatafuta kazi kama wenzao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ofisi ikimwajiri mtu huyo kisha ikampa programu asiyoweza kuijaza, imempa kiti tu.
- Wenye ualbino na wengine wanaoona kwa shida. Wanakuza skrini mara mbili au tatu, na mshale wa mausi unawapotea kila dakika.
- Wenye mkono mmoja, wenye mikono inayotetemeka, waliopata kiharusi.
- Karani wa msimu. Kuanzia Oktoba foleni ya magunia inafika nje ya uzio. Mkono wa kushoto umeshika daftari la mizani, wa kulia uko kwenye namba za kibodi. Mausi inahitaji mkono wa tatu.
- Yeyote ambaye mausi yake imekufa leo asubuhi, na padi ya kugusa ya laptopu imejaa vumbi na jasho hadi mshale unarukaruka.

Makarani wa msimu ndio wengi zaidi. Tangu korosho za Mtwara zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008, mzigo wa mkulima unaingia chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unafika mnadani chini ya chama kikuu, MAMCU kwa watu wa Masasi na TANECU kwa watu wa Newala na Tandahimba, na fedha zinarudi benki kwa jina na namba zilizoandikwa pale mwanzo. Tarakimu moja ikikosewa kwenye kisanduku kimoja, mzee wa watu atapanda gari kwenda mjini kuuliza malipo yake yako wapi.

Vitufe vya kujua kabla ya kuilaumu programu

Sehemu kubwa ya malalamiko huisha mtu akijua vitufe hivi. Kwenye Windows vinafanya kazi karibu katika kila programu iliyotengenezwa vizuri. Jizoeze kwa siku chache na utaacha kuvifikiria.

- Tab inakupeleka kisanduku kinachofuata. Shift na Tab inakurudisha nyuma.
- Alt na herufi iliyopigiwa mstari kwenye lebo inakurusha moja kwa moja hadi kisanduku hicho. Mistari hiyo mara nyingi imefichwa hadi ubonyeze Alt. Kwenye Windows 11, ingia mipangilio, sehemu ya ufikivu, kisha kibodi, kuna swichi ya kuionyesha wakati wote. Iwashe leo.
- Alt na mshale wa chini, au F4, inafungua orodha ya kuchagua. Mishale inatembea ndani yake. Ukiandika herufi ya kwanza, mara nyingi inaruka hadi neno linaloanza na herufi hiyo.
- Kitufe cha nafasi kinaweka au kuondoa tiki, na kinabonyeza batani uliyosimama juu yake.
- Ctrl na Tab inakuhamisha ukurasa mmoja hadi mwingine ndani ya kidirisha chenye kurasa kadhaa.
- Enter inabonyeza batani kuu, kwa kawaida Hifadhi au Sawa. Esc inaghairi.
- Ndani ya kisanduku: Home na End zinakupeleka mwanzo na mwisho, Ctrl na mshale inaruka neno zima, Ctrl na Z inarudisha ulichokifuta.

Gusa pia kibodi yako kwa kidole: herufi F na J zina kinundu kidogo, na namba 5 ya upande wa kulia inacho kingine. Hivyo ni vya kukuwezesha kuweka vidole mahali pake bila kutazama. Aliyesoma kwa mashine ya nukta nundu ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta, tayari vidole vyake vimezoea kazi ya namna hii, na mara nyingi anamzidi mwenye macho kwa kasi akishazoea.

Makosa mawili yanayoharibu takwimu

La kwanza ni la maandishi yaliyochaguliwa. Ukiingia kwa Tab kwenye kisanduku chenye kitu ndani, Windows kwa kawaida huchagua kila kilichomo. Tuseme kisanduku cha kilo kina 482 na unataka iwe 4820. Ukibonyeza 0 papo hapo, 482 yote inatoweka na inabaki sifuri. Kwa hiyo, ukitaka kuongeza, bonyeza End kwanza ndipo uandike. Ukitaka kufuta na kuandika upya, andika moja kwa moja. Iwapo imeshatoweka, Ctrl na Z kabla ya kuhama kisanduku.

La pili ni Enter. Wengi waliozoea Excel, ambako Enter inakushusha mstari, wanaitumia kuhamia kisanduku kinachofuata. Kwenye kidirisha Enter inahifadhi. Matokeo yake ni kumbukumbu ya mkulima yenye jina na kilo lakini haina kijiji wala akaunti, na mtu haoni kosa hadi siku ya malipo. Kuhama ni Tab. Enter iache hadi uwe umemaliza kila kitu.

Kuna pia kisanduku kikubwa cha maelezo, kile cha mistari mingi. Hapo Tab inaweza kuandika nafasi tupu badala ya kukutoa. Ikikutokea hivyo, jaribu Ctrl na Tab. Na kama Enter inafunga kidirisha badala ya kukupa mstari mpya, jaribu Ctrl na Enter.

Ukitumia kisoma skrini

Kwa wengi nashauri NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, akasaidiana na mwenzake James Teh, naye asiyeona, na ni ya bure hadi leo. Unaweza kuiweka kwenye flashi na kuitumia kwenye kompyuta ya ofisi bila kuisakinisha. Hilo linafaa sana mahali ambapo intaneti ni ya kusuasua na kompyuta ni ya mwajiri. Sauti yake ya eSpeak ina Kiswahili: bonyeza Insert, Ctrl na V, chagua sauti. Matamshi yake ni makavu, ila majina ya vijiji na ya watu yatasomeka vizuri kuliko kwa sauti ya Kiingereza.

Kidirisha kisipoeleweka, fuata mpangilio huu:

1. Insert na T: isome jina la dirisha. Hakikisha uko kwenye kidirisha unachodhani uko.
2. Insert na B: isome dirisha zima toka juu hadi chini. Hapa utasikia lebo hata kama hazikuunganishwa na visanduku vyake.
3. Insert na Tab: iseme uko kwenye kitu gani sasa hivi, na ndani yake kuna nini.
4. Pita vyote kwa Tab mara moja bila kuandika kitu, ukihesabu. Kama cha tatu hakina jina, lakini Insert na B ilitaja "Kijiji" baada ya "Kata", umeshajua cha tatu ni nini.

Hatua ya nne ni ya kujiokoa kwa leo tu. Kuhesabu visanduku vidoleni kila siku ya kazi ni mzigo usio wako, na siku programu ikiongezwa kisanduku kimoja hesabu yako yote inaharibika bila wewe kujua. Ripoti kosa hilo. Namna ya kuripoti iko mwishoni.

Programu iliyoundwa kwa Java inaweza kuwa kimya kabisa mbele ya kisoma skrini. Mwombe fundi aendeshe amri ya jabswitch -enable kisha aifungue programu upya. Mara nyingi hilo peke yake linaifungua midomo.

Ukiona kwa shida

Kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha kinawasha kikuza. Windows na Esc inakizima. Kwenye mipangilio ya kikuza hakikisha umekiruhusu kifuate kibodi na mahali unapoandika, si mausi peke yake. Hapo kila Tab itakuletea kisanduku husika mbele ya macho, hata kama kilikuwa pembe ya mbali ya skrini.

Halafu, kwenye sehemu hiyo hiyo ya ufikivu, washa kiashiria cha mahali pa kuandika. Kile kistari chembamba kinachomweka kinapata vichwa viwili vya rangi, juu na chini, ambavyo unachagua ukubwa wake na rangi yake. Kwa ndugu zetu wenye ualbino wanaofanya kazi karibu na dirisha lenye jua la uwanda wa juu wa Newala, rangi ya zambarau au ya chungwa inaonekana kuliko nyeusi. Ijaribu mchana. Asubuhi na jioni mwanga ni wa upole na utakudanganya.

Sasa wewe uliyeunda programu: anza na lebo

Neno "Kilo" lililochorwa kushoto kwa kisanduku linamtosha mwenye macho. Kompyuta haijui kwamba neno hilo ni la kisanduku kile mpaka uiambie. Njia inategemea chombo chako:

- Windows Forms: TabIndex ya lebo iwe namba moja kabla ya ya kisanduku chake. Lebo 4, kisanduku 5. Weka alama ya & kabla ya herufi ya Alt. Kama kisanduku hakina lebo inayoonekana, jaza AccessibleName.
- WPF: tumia Label yenye Target, na alama ya _ kabla ya herufi. TextBlock haifanyi kazi hiyo.
- Java Swing: setLabelFor na setDisplayedMnemonic.
- Qt: setBuddy, na & kwenye maandishi ya lebo.
- Microsoft Access: lebo iwe imeambatanishwa na kisanduku chake. Ikiwa imeachana nacho, ikate, chagua kisanduku, kisha ibandike. Itaambatana.
- Fomu za Excel: TabIndex kwa mpangilio, na Accelerator kwenye lebo.

Onyo: maandishi ya kijivu yanayokaa ndani ya kisanduku na kutoweka mtu akianza kuandika si lebo. Karani akiitwa pembeni kidogo na kurudi, hajui tena kisanduku kilitaka nini. Wala usichore kisanduku chako mwenyewe kwa mistari na rangi kwa sababu cha kawaida hakikupendezi. Cha kawaida kinakuja na Tab, Home, End, Ctrl na Z, na mazungumzo yake na kisoma skrini, vyote vikiwa tayari. Ukichora chako utalazimika kuvijenga vyote upya, na sijaona aliyevimaliza.

Herufi za Alt, na wingi wa K na J

Hapa ndipo programu za Kiswahili zinapojikwaa pale ambapo mifano ya vitabuni haikutayarishi. Tazama fomu ya kawaida ya mkulima: Jina, Jinsia, Jumla. Kata, Kijiji, Kilo. Kisha Namba ya simu, Namba ya kitambulisho, Namba ya akaunti. Ukichukua herufi ya kwanza ya kila lebo, una J tatu, K tatu na N tatu. Alt na K itamtupa mtu kwenye Kata mara hii na Kijiji mara nyingine, na hatakuwa na hamu ya kuitumia tena.

Fanya hivi:

- Andika lebo zote kwenye karatasi kabla ya kugawa herufi. Gawa kwa kidirisha kizima mara moja, pamoja na batani za Hifadhi na Ghairi.
- Kinachojazwa mara nyingi zaidi kipate herufi bora. Kilo ichukue K. Kata ipewe T, Kijiji kipewe I.
- Kwa lebo zinazoanza na "Namba ya", chukua herufi ya neno linalofuata: S ya simu, B ya kitambulisho, A ya akaunti.
- Herufi uliyoipa kisanduku ibaki hiyo hiyo kwenye vidirisha vyote vya programu. Kama Kilo ni K kwenye kupokea, iwe K kwenye kusafirisha pia.
- Epuka l ndogo na i ndogo pale inapowezekana, maana mstari wake hauonekani. Kijiji kimepewa I kwa sababu K na J zimeshachukuliwa.

Kwa upande wa kisoma skrini, weka mbele neno linalotofautisha. "Namba ya akaunti" na "Namba ya simu" zinamlazimisha msikilizaji kungoja hadi mwisho. "Akaunti" na "Simu" zinamjibu mara moja.

Mpangilio wa Tab

Kila unapoongeza kisanduku baadaye, chombo chako kinakipa namba ya mwisho. Ndiyo maana kisanduku cha "Daraja" ulichokiongeza baada ya kuombwa na mteja kinafikiwa baada ya batani ya Ghairi, ingawa kwenye skrini kipo chini ya Kilo. Kwenye Visual Studio kuna amri ya Tab Order kwenye menyu ya View. Ifungue kila unapobadilisha kidirisha, bila kuruka hata mara moja. Access nayo inayo Tab Order kwenye fomu.

Mpangilio ufuate karatasi ambayo karani anainakili. Kama daftari la mizani linaanza na namba ya mkulima, kisha idadi ya magunia, kisha kilo, kisha daraja, kidirisha kifuate hivyo hivyo, hata kama wewe ungependa jina litangulie. Na kidirisha kikifunguka, kistari cha kuandikia kiwe tayari ndani ya kisanduku cha kwanza cha kujaza. Kidirisha kinachofunguka kikiwa hakina mahali palipochaguliwa kinamlazimisha mtu ashike mausi kabla hata hajaanza.

Kisichoandikika kisizimwe

Jumla ya malipo, makato, namba ya kumbukumbu ya malipo: hivi programu inavikokotoa yenyewe na hutaki mtu avibadilishe. Watengenezaji wengi wanavizima kwa Enabled kuwa false. Kisanduku kilichozimwa Tab inakiruka. Asiyeona hakifikii, hawezi kusikia jumla kabla ya kuhifadhi, na hakuna anayeweza kunakili namba iliyomo. Juu ya hayo maandishi yanageuka kijivu hafifu, mtihani mwingine kwa mwenye macho dhaifu.

Tumia ReadOnly. Tab inafika, sauti inasoma, Ctrl na C inanakili, na hakuna herufi inayoingia. Badiliko ni la mstari mmoja wa msimbo, na kama utafanya moja tu kati ya yote niliyoyaandika hapa, anza na hili.

Namba ya NIDA, simu na tarehe

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, zikipangwa nane, tano, tano na mbili. Kishawishi ni kutengeneza visanduku vinne, na kila kimoja kikijaa kinamsukuma mtu kwenda kinachofuata chenyewe. Usifanye hivyo. Aliyekosea tarakimu ya tatu akirudi kwa Shift na Tab anasukumwa mbele tena mara anapoandika. Kisoma skrini kinatangaza kisanduku kipya katikati ya namba na mtu anapoteza alikofika. Na aliyenakili namba nzima kutoka kwenye faili jingine hawezi kuibandika.

Weka kisanduku kimoja. Kubali namba yenye vistari na isiyo navyo, ondoa vistari mwenyewe wakati wa kuhifadhi, kisha hesabu kama ni 20. Simu vivyo hivyo: mmoja ataanza na 0, mwingine na 255, mwingine ataweka nafasi katikati. Kusafisha namba ni kazi ya programu.

Tarehe iandikike. Kalenda ya kubofya iwepo kwa anayeitaka, lakini kando yake mtu aweze kuandika 15/10/2024 na kuendelea. Kumtafutia mzee tarehe ya kuzaliwa ya mwaka 1951 kwa kubofya mwezi mmoja mmoja kurudi nyuma ni kumchosha yeye na karani.

Kidirisha kinapokataa

Mtu amekosea. Programu ifanye nini?

- Ieleze kosa kwa maneno, ikitaja kisanduku: "Kilo haiwezi kuwa sifuri". Ukigeuza mpaka kuwa mwekundu bila maneno, asiyeona hajui, na asiyetofautisha rangi hajui.
- Taarifa ikishafungwa, imrudishe mtu kwenye kisanduku chenye kosa, na kilichoandikwa kibaki pale akirekebishe. Usikifute.
- Ikague wakati wa kuhifadhi, si kila mara mtu anapotoka kisandukuni. Kwenye Windows Forms, wanaotumia Validating na kuweka Cancel kuwa true wanamfungia mtu ndani: Tab haimtoi, na batani ya Ghairi nayo haimkubali. Kama huna budi kuitumia, batani ya Ghairi iwe na CausesValidation false.
- Esc ifanye kazi daima. Unganisha CancelButton na AcceptButton za kidirisha. Ni dakika moja.

Na kama programu imeunganishwa na mizani ya kidijitali, au inapokea taarifa kutoka mtandaoni, isimpokonye mtu mahali anapoandika kwa kufungua dirisha jingine juu yake. Anayeandika kwa kasi bila kutazama skrini ataendelea kuandika namba ya akaunti ndani ya dirisha ambalo hakulitegemea, na Enter yake italikubali jambo asilolisoma.

"Sina muda, na mteja hajalipia hilo"

Nalielewa hili, maana fedha za kazi hizi ni ndogo na mteja anataka ripoti kesho. Lakini lebo, Tab na ReadOnly ukiviweka siku unayotengeneza kidirisha havikuchukui zaidi ya dakika chache. Kinachokula muda ni kurudi kwenye vidirisha arobaini baada ya mwaka mmoja, msimu ukiwa umefunguliwa, na kila chama kikikupigia simu. Wala usimngoje mteja aombe. Anayenunua programu ni mwenyekiti au meneja, na anayeijaza ni mwingine kabisa. Mfuate huyo wa pili, kaa naye nusu saa pembeni ya mizani, tazama mikono yake.

Jaribio kabla ya kukabidhi

1. Chomoa mausi. Funika padi ya kugusa kwa karatasi ngumu.
2. Fungua programu, ingia kwa jina na nywila, fikia kidirisha. Ukikwama hapa, rekebisha kabla ya kuendelea.
3. Jaza kumbukumbu nzima na uhifadhi. Kila Tab, jiulize: naona niko wapi? Ukilazimika kutafuta kwa macho, alama ya mahali ulipo ni hafifu mno.
4. Kosea makusudi. Acha kilo tupu, andika herufi mahali pa namba. Rekebisha bila mausi.
5. Ghairi katikati kwa Esc.
6. Washa NVDA, zima skrini au geuza uso, rudia hatua ya tatu.
7. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona programu hiyo, na wewe nyamaza.

Hatua ya saba ndiyo yenye majibu mengi. Usimwelekeze. Kila unapohisi mdomo unataka kusema "hapo bonyeza...", andika kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo pa kurekebisha.

Ukitaka kuripoti kosa likasikilizwa

"Programu yenu haifanyi kazi" haimsaidii fundi yeyote, naye ataiweka kando. Mwambie dirisha lipi, ulibonyeza nini, kikatokea nini, ulitarajia nini, na kazi gani imekwama. Mfano:

"Habari za kazi, ndugu. Kwenye kidirisha cha Pokea Mzigo, nikiwa kisanduku cha Kilo nikabonyeza Tab, nafika batani ya Hifadhi badala ya Daraja. Natarajia nifike Daraja. Nikibonyeza Tab mara tatu zaidi ndipo naipata. Pia kisanduku cha Jumla hakifikiwi kwa kibodi, hivyo siwezi kuisikia kabla ya kuhifadhi. Natumia Windows 10 na NVDA. Naomba virekebishwe kabla ya msimu kufunguliwa, nami niko tayari kujaribu toleo jipya."

Tuma kwa maandishi, na nakala kwa mkuu wako wa kazi, ili ijulikane kwamba ucheleweshaji hautoki kwako. Kama ni makosa mengi, tuma matatu yanayokuumiza zaidi kwanza. Orodha ya makosa ishirini huwa inasubiri siku ya kupatikana nafasi, na nafasi haipatikani.

Toleo jipya likifika, usikague lile kosa peke yake. Aliyeisogeza Daraja ili ikae baada ya Kilo huenda ameisukuma Magunia mahali pengine. Pita kidirisha chote kwa Tab toka mwanzo hadi mwisho, kisha rudi nyuma kwa Shift na Tab, ndipo umjibu kwamba imepona.